Miwani Isiyo na Mwili Hupotosha Vipimo

Mtu mzima amelala chali kitandani katika maabara ya Taasisi ya Karolinska, jijini Stockholm. Amevaa kifaa cha kichwani chenye skrini mbili ndogo, moja kwa kila jicho. Anaelekeza macho miguuni, lakini miguu anayoiona si yake. Ni ya mwanasesere wa sentimita 30, wa kimo cha wale wanaouzwa madukani kwa ajili ya watoto. Mtafiti ameshika vijiti viwili. Kwa kimoja anaipapasa miguu ya mwanasesere. Kwa kingine, wakati uleule na mahali palepale, anaipapasa miguu halisi ya aliyelala. Haupiti muda mrefu, ubongo unakubali kwamba miguu ile midogo ni yake. Kisha unaletwa mchemraba mbele yake, naye anaombwa aonyeshe kwa mikono ukubwa wake. Anaitanua mikono kupita kiasi. Anaambiwa afumbe macho, ainuke, atembee hadi pale anapodhani mchemraba ulikuwapo. Anakwenda mbali kuliko anavyokwenda katika zamu nyingine, anapopewa mwili bandia mkubwa.

Jaribio hilo lilichapishwa mwaka 2011 na Björn van der Hoort, Arvid Guterstam na Henrik Ehrsson. Walitumia miili bandia ya vimo mbalimbali: mdogo kabisa wa sentimita 30, mwingine wa sentimita 80, na mkubwa kabisa wa mita nne. Aliyepewa mwili wa mwanasesere aliona vitu vimekuwa vikubwa na vimesogea mbali. Aliyepewa mwili wa jitu aliona vimesinyaa na vimekaribia. Taswira ya kitu iliyoingia machoni haikubadilika; kilichobadilika ni mwili ambao mtu aliamini ni wake. Watafiti walipoviachanisha vijiti, mguso mmoja ukatangulia na mwingine ukafuata, imani ile ilidhoofika, na vipimo navyo vikaanza kurudi mahali pake.

Jambo hili linawahusu watu wengi zaidi ya wanasaikolojia. Miwani ya uhalisia pepe, ile inayomfunika mtu macho na kumwingiza katika ulimwengu uliochorwa na kompyuta, sasa inauzwa kama kifaa cha kufundishia wauguzi, marubani, mafundi na wanafunzi. Katika programu nyingi, aliyeivaa akiinama hujikuta hana kifua, hana miguu, na pengine ana viganja viwili tu vinavyoelea hewani. Anayenunua programu ya namna hiyo kwa ajili ya mafunzo yanayohitaji kukadiria umbali, kimo au upana ananunua rula iliyofutwa alama. Mwili ndani ya ulimwengu huo haufai kuhesabiwa kama pambo la kuongezwa baadaye fedha zikibaki, kwa kuwa wenyewe ni sehemu ya vipimo.

Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kulishangaa sana hilo. Lugha yake imepima dunia kwa mwili tangu zamani. Morita ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha shahada. Shibiri ni kutoka gumba hadi kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimekunjuliwa. Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na dhiraa mbili ndizo wari. Pima ni mikono miwili iliyotandazwa, ncha hadi ncha, na kwa pima ndivyo wavuvi wa pwani walivyotaja kina cha maji, wakiivuta kamba na kuihesabu mikononi. Hata pande zenyewe zinatajwa kwa viungo: mkono wa kulia, mkono wa kushoto, ubavuni, mgongoni, kichwani. Mita ilikuja baadaye ikaleta usawa sokoni, lakini ndani ya fuvu la kila mtu vipimo vya zamani havijastaafu.

Pima ya mtu hukaribia sana urefu wake mwenyewe. Kwa mtu mzima wa kawaida, chumba chenye upana wa mita nne ni pima mbili na kitu. Kwa mwanasesere wa sentimita 30, chumba hichohicho ni pima kumi na tatu: uwanja mzima. Kwa jitu la mita nne ni pima moja tu, kiasi kwamba likinyoosha mikono litagusa kuta zote mbili. Walichokiona watafiti wa Stockholm ni ubongo ukifanya hesabu hiyo bila kumwuliza mwenyewe.

Kuna tatizo ambalo wataalamu wa uhalisia pepe wamekuwa wakilihangaikia kwa miongo kadhaa. Mtu akiwa uwanjani, akaonyeshwa kitu kilicho mita 10 mbele yake, kisha akafumba macho na kutembea bila kuona, hufika karibu sana na pale kilipo. Binadamu ana ustadi huo hadi umbali wa mita 20 hivi. Akivalishwa miwani na kuonyeshwa uwanja uleule uliochorwa na kompyuta kwa vipimo sahihi, mara nyingi husimama kabla hajafika. Mwaka 2013 Rebekka Renner na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walikusanya matokeo ya tafiti nyingi za aina hii na kukuta kwamba kwa wastani watu walikadiria umbali kuwa asilimia 74 tu ya ule uliochorwa. Mita 10 zikawa mita saba na kidogo. Miwani ya miaka ya karibuni imepunguza kasoro hiyo, ila haijaimaliza.

Sababu ni nyingi. Uzito wa kifaa kichwani umo, upeo finyu wa kuona umo, na lenzi zinazoyalazimisha macho kulenga mahali pamoja muda wote nazo zimo. Lakini watafiti walijiuliza pia swali jepesi zaidi: je, kama tatizo moja ni kwamba mtu huyu hana mwili?

Brian Ries, Victoria Interrante na wenzao wa Chuo Kikuu cha Minnesota walilijaribu mwaka 2008. Betty Mohler na wenzake walilijaribu tena katika Taasisi ya Max Planck mjini Tübingen, matokeo yakatoka mwaka 2010. Kwa ufupi, waliopewa mwili wa kuchorwa uliofuata mienendo yao, mkono ukiinuka nao unainuka, goti likikunjwa nalo linakunjwa, walikadiria umbali kwa usahihi zaidi kuliko wale waliotazama chini wakaona sakafu tupu. Mwili uliotembea pamoja na mwenyewe ulisaidia kuliko uliosimama kama sanamu.

Kwa nini miguu isaidie macho kuona? Jibu mojawapo limo katika kimo cha macho. Mtu aliyesimama ana macho yake, tuseme, mita moja na nusu juu ya ardhi. Akitaka kutazama kitu kilicho karibu na miguu yake lazima ainamishe macho sana. Kitu kilicho mbali kinamtaka ainamishe kidogo tu, kwa sababu kimesogelea mstari wa upeo wa macho. Mwaka 2001 Teng Leng Ooi, Bing Wu na Zijiang He walionyesha kwamba ubongo hutumia pembe hiyo ya kuinama kukadiria umbali. Pembe peke yake, hata hivyo, haitoshi. Lazima ubongo ujue macho yako juu kiasi gani, na hiyo ni habari ya mwili. Markus Leyrer na wenzake, pia wa Tübingen, walipocheza na kimo cha macho ndani ya uhalisia pepe bila kumwambia mtazamaji, makadirio ya umbali yalibadilika. Macho yakishushwa, sakafu inarefuka.

Mwanasaikolojia wa Marekani James Gibson alikwisha kuyasema yanayofanana na haya katika kitabu chake cha mwaka 1979: kiumbe hauoni ulimwengu kwa sentimita, bali huona yale anayoweza kuyafanya ndani yake. Miaka michache baadaye William Warren alilipima wazo hilo kwenye ngazi. Aliwaonyesha watu wafupi na warefu vidato vya kimo mbalimbali, akauliza kipi kinaweza kupandwa bila kutumia mikono. Wafupi na warefu walitaja sentimita tofauti, lakini uwiano ulikuwa mmoja: kidato kilihesabika kuwa hakipandiki kilipokaribia asilimia 88 ya urefu wa mguu wa anayetazama. Katika utafiti mwingine wa mwaka 1987, Warren na Suzanne Whang walikuta kwamba watu huanza kugeuza mabega wanapopita katika uwazi ambao upana wake hauzidi mara 1.3 ya upana wa mabega yao. Hakuna aliyewafundisha tarakimu hizo. Kila mmoja alijipima kwa mabega aliyozaliwa nayo.

Dereva wa daladala huufanya ufundi huohuo kwa chombo kizima. Anapolipenyeza gari kati ya lori lililoegeshwa na mkokoteni wa muuza maji, hashuki na futikamba. Bodi ya gari imekwisha kuwa mabega yake. Atsushi Iriki na wenzake wa Japani waliona chanzo cha jambo hili mwaka 1996 ndani ya ubongo wa nyani waliofundishwa kuvuta chakula kwa reki: chembe za neva zilizokuwa zikishughulikia nafasi iliyouzunguka mkono zilianza kushughulikia pia nafasi iliyoizunguka reki. Mwili ambao ubongo unaujua una mipaka inayohamishika. Baharia mwenye upondo na kipofu mwenye fimbo wanalijua hilo kila siku.

Urahisi wa kuihamisha mipaka hiyo unaweza kuonekana hata mezani nyumbani. Vinahitajika glavu ya mpira iliyojazwa vitambaa, kipande cha boksi gumu na brashi mbili za rangi. Mtu anakaa, anaweka mkono wake mezani, boksi linasimamishwa kuuficha. Glavu inalazwa upande wa pili wa boksi, mbele ya macho yake, vidole vikielekea kule vinakoelekea vya kwake. Mwenzake anapitisha brashi moja juu ya kidole cha glavu na nyingine juu ya kidole kilichofichwa, kwa pamoja, polepole, bila kupishana. Baada ya dakika chache wengi huanza kuhisi brashi wanayoiona ndiyo inayowagusa. Wakiambiwa wafumbe macho na kuonyesha mkono wao uko wapi, huelekeza kidole upande wa glavu. Matthew Botvinick na Jonathan Cohen waliliripoti jambo hilo mwaka 1998 katika jarida la Nature, katika makala fupi ambayo imezaa uwanja mzima wa utafiti.

Hata hivyo ubongo haudanganywi kwa lolote. Manos Tsakiris na Patrick Haggard walionyesha mwaka 2005 kwamba ukiweka kijiti cha mbao badala ya mkono wa mpira, au ukiugeuza mkono bandia katika mkao usiowezekana, hisia ile inakataa kuja. Mguso wa macho ukichelewa nyuma ya mguso wa ngozi, nao huvunja mkataba. Mwenye kutengeneza mwili pepe anapewa hapa masharti yake matatu: ufanane na mwili, ukae pale mwili ulipo, uende pamoja na mwili.

Masharti yakitimia, nguvu yake ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2013 Domna Banakou, Raphaela Groten na Mel Slater wa Chuo Kikuu cha Barcelona waliwapa watu wazima mwili pepe wa mtoto wa miaka minne. Wengine walipewa mwili wa mtu mzima uliofinywa ukawa na kimo kilekile cha mtoto. Macho ya makundi yote mawili yalikuwa kwenye kimo kimoja, na wote waliona vitu vikubwa kuliko vilivyo. Lakini waliovaa mwili wa mtoto walizidisha zaidi. Tofauti ya kimo haikutosha kueleza hilo. Kulikuwa na utoto wenyewe, namna mtu anavyoijua dunia ya meza ndefu na viti visivyofikika. Mwili ulipoachwa usifuate mienendo ya mwenyewe, tofauti kati ya makundi ilitoweka.

Mwaka huohuo Sally Linkenauger na wenzake waliubadilisha ukubwa wa kiganja tu. Kiganja pepe kilipokuzwa, vitu vilivyokuwa mbele yake vilionekana vidogo. Kilipopunguzwa, vilionekana vikubwa. Wakajaribu kuweka pembeni kiganja cha mtu mwingine, kisha kitu ambacho kila mtu anakijua ukubwa wake. Hapo athari haikutokea. Macho yalipewa vya kulinganisha, lakini ubongo ulikubali kupimia kiganja kimoja tu, kile cha mwenyewe.

Sasa utafiti huo uletwe kwenye meza ya upasuaji. Wataalamu wa Southern Methodist University ya Marekani, wakishirikiana na madaktari wa Zambia, wametengeneza programu ya bei nafuu ya uhalisia pepe ya kuwafundisha madaktari upasuaji wa saratani ya shingo ya kizazi, na madaktari wanafunzi wamejifunza kwayo. Kazi kama hiyo inastahili sifa, hasa katika eneo la dunia ambalo ugonjwa huo unaua wanawake wengi na wapasuaji wa kuutibu ni haba. Lakini somo la Linkenauger linamhusu kila anayefundisha kazi ya mikono kwa miwani. Ikiwa mikono inayoonekana ndani ni mikubwa kuliko ya mwanafunzi, kuna hatari ya kumfundisha tishu ndogo kuliko ilivyo, na mkono wake ukazoea kukata kwa kipimo hicho. Kuurekebisha mkono pepe ulingane na wa mwanafunzi ni kazi ndogo kwa mwandika programu, mradi awepo wa kumtaka aifanye.

Makampuni yenyewe yamesuasua. Ulimwengu pepe wa Horizon Worlds wa kampuni ya Meta ulipofunguliwa kwa umma wa Marekani na Kanada mwishoni mwa 2021, watu waliokuwa ndani yake waliishia kiunoni. Walielea kama mizimu ya heshima, wana vichwa na mikono, chini hakuna kitu. Oktoba 2022 Mark Zuckerberg alitangaza kwa shangwe kwamba miguu inakuja. Ilianza kufika mwaka 2023. Sababu ya kuchelewa ilikuwa ya kiufundi: kamera zilizo kwenye miwani huiona mikono iliyo mbele, lakini miguu hufichwa na tumbo na meza, na kompyuta hulazimika kubahatisha ilipo. Mguu uliobahatishwa vibaya huudhi kuliko mguu usiokuwapo, kwa hiyo wabunifu wakaona heri kuukata.

Hoja yao ina uzito, na inaungwa mkono na ukweli mwingine usiofaa kufichwa: si kila utafiti umeona faida ya mwili pepe katika kukadiria umbali. Wapo waliojaribu wasione tofauti, hasa pale watu walipopewa muda mfupi mno wa kuuzoea mwili mpya, au kazi ilipokuwa haiwahitaji kuutumia. Wapo pia wanaosema kwamba kadiri skrini zinavyopanuka na kung'aa, kasoro ya umbali itajiondokea yenyewe. Kwa mtu anayetazama samaki wa baharini kwa burudani, hoja hizo zinatosha, na hakuna haja ya kumtoza gharama ya miguu.

Mafunzo ni jambo jingine. Anayejifunza kupanda nguzo ya umeme, kuegesha kreni au kumwinua mgonjwa kutoka kitandani hujifunza uhusiano kati ya kiungo chake na kitu. Qiufeng Lin, John Rieser na Bobby Bodenheimer waliwaweka watu ndani ya uhalisia pepe mbele ya ukingo na kuwauliza kama wangeweza kushuka kwa hatua moja bila kuruka. Kuwa au kutokuwa na mwili kulibadilisha majibu yao. Wenye mwili waliona hatari mapema zaidi. Mtu asiye na miguu ndani ya miwani huwa jasiri wa bure, na ujasiri huo anaweza kutoka nao kazini Jumatatu asubuhi.

Woga wa ukingo umepimwa hata moyoni: Chuo Kikuu cha North Carolina kilikuwa na chumba pepe mashuhuri chenye shimo katikati. Mwaka 2002 Michael Meehan na wenzake walieleza jinsi mapigo ya moyo ya watu yalivyopanda walipolikaribia shimo ambalo walijua fika halipo. Kisha wakaweka ubao halisi wenye unene wa takriban sentimita nne, ili ncha za vidole vya miguu zining'inie kidogo hewani. Mioyo ikapiga kwa kasi zaidi. Sentimita nne za mbao, zikiguswa na wayo, ziliongeza nguvu kwa shimo la mita kadhaa lililochorwa.

Suala la mwili ni suala la haki pia, kwa sababu mwili unaochukuliwa kuwa wa kawaida ni wa mtu fulani. Mwaka 2020 Kay Stanney na wenzake wa Marekani walichunguza kwa nini wanawake huugua kichefuchefu zaidi wakivaa miwani hii. Walikuta kwamba chanzo kikubwa kilikuwa umbali kati ya lenzi mbili: haukuweza kupunguzwa vya kutosha kulingana na umbali kati ya mboni za wanawake wengi. Kifaa kilitengenezwa kwa uso wa mtu mwingine. Kwa watoto shida hiyo ni kubwa zaidi, maana mboni zao zimekaribiana na miili yao inabadilika kila muhula. Hata hivyo mwaka 2023 Meta ilishusha umri wa kutumia miwani yake kutoka miaka 13 hadi 10, kwa akaunti zinazosimamiwa na wazazi.

Filamu za kutazamwa pande zote zina tatizo lake. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulisaidia kutoa filamu ya Clouds Over Sidra, inayomweka mtazamaji ndani ya kambi ya wakimbizi ya Zaatari nchini Jordan, akiongozwa na binti wa Kisyria wa miaka 12. Ni kazi iliyogusa nyoyo na kufungua mifuko ya wafadhili. Lakini katika filamu za aina hii kimo cha macho huamuliwa na mtu aliyefunga kamera kwenye kiegemeo chake cha miguu mitatu. Mwalimu mrefu, mwanafunzi mfupi na mtu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu wote hupewa kimo kimoja, na wakiinama hawajioni. Kwa simulizi inavumilika. Kwa somo la jiografia linalodai kumwonyesha mtoto ukubwa wa bonde au urefu wa jengo, haitoshi.

Upande wa pili wa jambo hili unatia moyo, na ndio ambao serikali za mitaa na wasanifu majengo wa Afrika Mashariki wangepaswa kuukimbilia. Ikiwa mwili hubadilisha nafasi, basi msanifu anaweza kukopeshwa mwili asiokuwa nao. Kabla zahanati haijajengwa, avalishwe mwili pepe wa mtoto wa miaka sita na aende kunawa mikono kwenye sinki alilolichora. Apewe macho ya mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu na ajaribu kumwona mhudumu juu ya kaunta ya dirisha la dawa. Apewe mwili wa bibi mwenye hatua fupi na apande ngazi za stendi. Kuta bado ni mistari kwenye kompyuta, kwa hiyo kuzishusha hakugharimu saruji wala nondo.

Mnunuzi wa vifaa hivi, awe chuo cha ufundi, hospitali au wizara, ana haki ya kumhoji muuzaji kabla ya kutia saini. Mwanafunzi akiinama ataona nini? Mwili huo hupimwa kwa kimo na mikono yake mwenyewe, au wote hupewa mmoja? Lenzi husogea kiasi gani, na je, zinamfaa binti mwenye uso mwembamba? Mkono pepe huchelewa nyuma ya mkono halisi, na huchelewa kwa muda gani? Muuzaji asiye na majibu hajalijaribu soko analoliuzia.

Na kuna jaribio ambalo mwalimu yeyote anaweza kulifanya, bila maabara. Programu ichore kigoda sakafuni, mita tano mbele ya mwanafunzi, ndani ya ukumbi ulioondolewa viti. Mwanafunzi akitazame, skrini izimwe, naye atembee gizani, mwenzake akimfuata nyuma asijikwae, mpaka asimame pale anapoamini kigoda kipo. Chaki ipigwe kwenye kisigino. Arudi alipoanzia, safari hii apewe mwili, ainyooshe mikono, apige hatua mbili tatu akiitazama miguu yake, kisha atembee tena. Chaki ya pili ipigwe. Ndipo ivutwe futikamba kutoka mstari wa kuanzia, na darasa zima lisome namba zote mbili kabla ya malipo ya mwisho kufanyika.